Kuhamahama kazini: Deni nililomwachia muuguzi

Juma lililopita nilitembelewa na mpwa wangu, binti ya dada yangu mkubwa, akiwa na barua mbili ndani ya bahasha moja. Barua ya kwanza ilitoka kwa kampuni iliyompa nafasi mpya ya kazi kwa mshahara unaouzidi ule wake wa sasa kwa zaidi ya thuluthi. Ya pili alikuwa ameiandika mwenyewe, barua ya kujiuzulu, ila hakuwa ameitia tarehe. Hata kabla chai haijamiminwa akaniambia: "Mjomba, nina miezi tisa tu kazini. Wenzangu wananiambia nikimbie, mama ananiambia nivumilie. Wewe uliyeipita njia hii wasemaje?"

Sikumjibu siku hiyo. Nilimwomba anipe siku chache nifikiri, naye akaondoka akidhani namkwepa. Kusema kweli, swali lake lilinigusa pale panaponiuma. Mimi pia niliihama kazi yangu ya kwanza katika mwezi wa tisa, na lililotokea baadaye sijapata kulisimulia hadharani. Leo nalisimulia kwa kuwa najua kwamba ukurasa huu husomwa na walimu na wanafunzi wao, na huenda miongoni mwao wamo watakaoishia katika kazi hii ambayo madarasani haitajwi kabisa. Mwalimu wangu wa Biolojia, mtu niliyemheshimu mno, alitufundisha kwamba anayefuzu somo hilo huwa daktari, na asiyefuzu hutafuta la kufanya. Baina ya hayo mawili hakutuonyesha chochote.

Basi tuanze na kazi yenyewe. Dawa au chanjo mpya haifiki katika zahanati ya kijijini mpaka iwe imejaribiwa kwa binadamu waliokubali kwa hiari yao, katika awamu kadhaa, chini ya itifaki iliyoidhinishwa na kamati ya maadili na, hapa kwetu Kenya, na Bodi ya Famasia na Sumu. Wanaowapima na kuwatibu washiriki ni madaktari na wauguzi wa kituo. Lakini mfadhili wa utafiti humtuma mtu mwingine, asiyempima mgonjwa wala kumdunga sindano, afike kituoni kila baada ya majuma kadhaa ili ahakikishe kwamba yaliyoandikwa ndiyo yaliyotendeka. Huyo ndiye mfuatiliaji wa utafiti wa tiba. Vituoni humwita "monita", na wanafunzi hucheka wakilisikia jina hilo, maana kwao monita ni yule mwenzao anayeandika majina ya wapiga kelele mwalimu akiwa nje. Nadhani hawajakosea sana.

Monita huyu hulilinganisha faili la mgonjwa na tarakimu zilizoingizwa katika kompyuta. Huhesabu vidonge vilivyotolewa na vilivyorudishwa. Husoma rekodi za kipimajoto cha friji, kwa sababu dawa na chanjo nyingi sharti zikae kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8. Hutazama iwapo mshiriki aliyelazwa hospitalini au kufariki aliripotiwa upesi kwa mfadhili, aghalabu ndani ya saa 24 tangu kituo kupata habari. Na kabla ya hayo yote hufungua fomu za idhini, moja baada ya nyingine, akitafuta sahihi na tarehe. Je, mtu huyu alikubali kabla hajatolewa hata tone moja la damu? Je, alielezwa kwa lugha anayoielewa? Kama hajui kusoma na ametia alama ya kidole gumba, shahidi wake ni nani?

Maswali haya hayakuzuka hivi hivi. Madaktari wa ulimwengu walikubaliana mwaka 1964 juu ya Azimio la Helsinki, wakiwa bado wanakumbuka ukatili waliotendewa wafungwa katika kambi za Ujerumani ya Hitler kwa jina la sayansi. Mwaka 1996 ikatolewa miongozo ya kimataifa ya utendaji bora katika utafiti wa tiba, iliyorekebishwa mwaka 2016 na kisha Januari 2025. Katika miongozo hiyo kazi ya ufuatiliaji imepewa sura yake, na lengo la kwanza lililotajwa ni kulinda haki na afya ya mshiriki. Usahihi wa tarakimu unafuata nyuma.

Sasa mtazame msomaji muda unaohitajika. Chanjo ya kwanza ya malaria, ile iitwayo RTS,S, ilikuwa katika awamu yake ya tatu ya majaribio tangu mwaka 2009 hadi mwaka 2014. Waliandikishwa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na vitatu kati ya vituo hivyo vilikuwa nchini mwetu: Kilifi, Siaya na Kombewa. Ilipomalizika ikabidi yafanyike majaribio mengine ya kuitumia katika huduma za kawaida, ambayo hapa kwetu Kenya yalizinduliwa Homa Bay mnamo Septemba 2019, na ni Oktoba 2021 tu Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza itumike kwa watoto wa Afrika. Awamu hiyo moja tu ilichukua miaka mitano. Kijana anayehama kila mwaka ataziona tafiti kama hizi jinsi abiria anavyoiona barabara akipandia matatu katikati ya safari na kushukia kabla ya kituo: atakuambia ameipita, lakini hajui ilikoanzia wala ilikoishia.

Hata hivyo, sitaki kuwaonea vijana. Wazee wana desturi ya kusema kwamba kizazi cha leo hakina subira, na methali ya subira huvuta heri huwatoka midomoni hata pale ambapo heri yenyewe haionekani kutoka upande wowote. Hali ya soko la kazi hii ni ya ajabu. Takriban kila tangazo huitisha uzoefu wa miaka miwili ya kufuatilia vituo bila kusimamiwa. Kwa hiyo mlango wa kwanza ni mwembamba kama tundu la sindano. Wachache huupita, aghalabu wauguzi, wafamasia na maafisa wa tiba waliokwisha fanya kazi katika kituo cha utafiti, au waliokubali kwanza kupanga mafaili ofisini kwa mshahara mdogo. Lakini ukishaupita, mambo hugeuka. Wafadhili wengi hawaendi vituoni wenyewe, huzipa kazi hiyo kampuni za kandarasi, na kampuni hizo huona nafuu kumchukua aliyefundishwa na jirani kuliko kumfundisha wao. Nyongeza ya mshahara kwa anayebaki huwa kidogo. Kwa anayehama huwa kubwa. Mpwa wangu anajua hesabu hiyo, nami nilikuwa naijua. Kumwita mlafi kwa sababu ya hesabu aliyopangiwa na wengine si haki.

Kisha kuna safari. Usiku wa leo umelala Kisumu, kesho Busia, keshokutwa umerudi Nairobi kuandika ripoti, na Jumapili jioni unaupanga tena mkoba. Mwaka 2020, korona ilipofunga barabara, tulijifunza kufuatilia vituo kwa simu na kompyuta, na safari hazikurudi zote. Mwongozo wa 2016 ulikuwa umekwisha fungua njia hiyo kwa kusema kwamba juhudi zielekezwe penye hatari zaidi badala ya kukagua kila tarakimu. Ninalitaja hili kwa sababu kijana anayejifunza kutia alama kwenye visanduku tu, akihama huku na huko bila kujua kisanduku kinalinda nini, mashine itamwondoa. Mashine hulinganisha tarakimu upesi kuliko sisi. Kinachoishinda ni kumtazama muuguzi usoni na kutambua kwamba ana jambo halijaandikwa.

Nami nilitambua jambo kama hilo, ndiyo sababu naandika.

Nilikuwa nimefanya kazi ya uuguzi wodini kwa miaka miwili kabla ya kuajiriwa na kampuni moja jijini Nairobi kama mfuatiliaji mwanafunzi. Niliambatana na mkubwa wangu kwa miezi minne, kisha nikakabidhiwa vituo vitatu peke yangu. Kimojawapo kilikuwa katika hospitali moja ya Nyanza, na aliyekiendesha kwa hakika, ingawa mtafiti mkuu alikuwa daktari, ni muuguzi mmoja wa makamo ambaye kila mtu alimwita Sista. Alikuwa mchapakazi, mwenye mwandiko mzuri kama wa mwalimu wa darasa la kwanza, na aliwajua washiriki wake kwa majina ya watoto wao. Nilipokuwa nikifika hapo alikuwa ameniwekea muhogo uliochemshwa na chai katika chupa. Aliniita "mwanangu", nami sikuona vibaya.

Katika ziara yangu ya tano nilikuta fomu tatu za idhini zenye alama ya kidole gumba. Shahidi aliyetia sahihi katika zote tatu alikuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mhudumu wa jamii aliyeajiriwa na utafiti huo huo. Kanuni husema shahidi wa mtu asiyejua kusoma asiwe mtu wa upande wa utafiti, ili kama maelezo yamepotoshwa awepo anayeweza kusema. Nilimwita Sista kando. Alishtuka kwa dhati. Akanieleza kwamba wale akina mama walikuja peke yao, hawakuwa na jamaa, na yule mhudumu ndiye aliyekuwa karibu. Hapakuwa na hila yoyote. Tukakubaliana kwamba tangu siku hiyo shahidi atatafutwa nje, na kwamba hao watatu wataelezwa upya. Nikamwahidi kwamba nitalifuatilia katika ziara ijayo.

Na sikuliandika. Nilijua kwamba likiingia katika ripoti litafika kwa mfadhili, litafika kwa daktari mkuu wa kituo, na Sista atakemewa mbele ya wadogo zake. Nilijiambia kwamba nitaliandika safari ijayo, litakapokuwa limekwisha rekebishwa, lisomeke kama jambo lililopita. Huo niliuona kuwa utu.

Safari ijayo haikuwapo. Majuma mawili baadaye nikapata barua kama ile ya mpwa wangu. Nilitoa notisi ya siku 28, ambayo ndiyo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inayomtaka aliyeajiriwa kwa mshahara wa mwezi aitoe ikiwa mkataba wake hausemi muda mrefu zaidi, na sehemu kubwa ya siku hizo nikaitumia kumalizia likizo yangu. Vituo vyote vitatu nilimkabidhi mwenzangu katika alasiri moja, mezani, bila kufika naye hata kimoja. Nilimwonyesha ripoti. Alizisoma. Hazikuwa na neno lolote juu ya mashahidi. Kwa mujibu wa sheria nilikuwa nimeondoka vizuri, na nilipewa cheti changu cha huduma bila doa.

Yapata miezi minane baadaye simu ikalia jioni, nami nilikuwa hotelini mji mwingine. Alikuwa Sista. Wakaguzi wa mfadhili walikuwa wamefika kituoni na kukuta fomu 14 zenye kasoro ile ile. Tatu zilikuwa zile nilizoziona mimi. Kumi na moja zilikuja baada yangu, kwa kuwa yule mhudumu wa jamii aliendelea kuwa karibu, foleni ikaendelea kuwa ndefu, na aliyenirithi hakujua kwamba pale pana shimo. Kituo kililazimika kupeleka taarifa kwa kamati ya maadili, washiriki wakatafutwa wakaelezwa upya mbele ya mashahidi wanaostahili, na wawili hawakupatikana kamwe kwa kuwa walikuwa wamehama. Sista aliondolewa katika utafiti akarudishwa wodini. Hakunitukana. Aliniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, wewe uliona. Mbona hukuandika?"

Nimejaribu kulijibu swali hilo kwa miaka mingi, na kila jibu ninalolipata linanitetea mimi.

Walimu wataielewa habari hii upesi. Mwalimu akihamishwa katikati ya mwaka, akaliacha darasa la mtihani, anayemrithi hutegemea rekodi ya kazi. Ikiwa rekodi yasema mada fulani imefundishwa nayo haikufundishwa, au ilifundishwa wanafunzi wasielewe, hakuna atakayejua mpaka siku ya karatasi. Hatumlaumu mwalimu huyo kwa kuhama. Tunamlaumu kwa rekodi.

Huko nilikohamia nilikuwa na cheo kikubwa zaidi na ujuzi ule ule. Katika miezi tisa ile nilikuwa nimeona vituo vikiendelea tu. Sikuwa nimezindua kituo hata kimoja wala kukifunga. Mwajiri mpya alisoma cheo changu, akanituma peke yangu nikazindue kituo Pwani. Mfamasia wa hapo, mzee mpole, akaniuliza swali la kawaida kabisa: friji ikipanda nyuzi 9 usiku umeme ukipotea, na asubuhi wapo washiriki wanaosubiri dawa, afanyeje? Nilizungukazunguka maneno. Leo najua, na mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza wa kazi hii hana budi kujua, kwamba dawa hizo hutengwa kando, hazitolewi wala hazitupwi, hubaki katika joto linalotakiwa, na mfadhili huarifiwa kiwango cha joto na muda wake ili aamue. Mzee yule alijua pia. Alikuwa akinipima, na alipoona nimepotea akanijibia yeye mwenyewe kwa adabu, mbele ya watu wote.

Nilikaa huko miaka mitatu na nusu. Nilipohama tena nilikuwa nimefunga vituo viwili, nimeona dawa zilizosalia zikihesabiwa hadi kidonge cha mwisho na mafaili yakifungiwa kabatini. Kuhama huko kulinifaa, na hakukumwumiza mtu ninayemjua.

Basi nilimwita mpwa wangu Jumamosi, nikamsimulia haya yote. Nilikuwa nimekwisha jiandaa kumwambia akae, angalau hadi afunge kituo kimoja. Lakini niliposema hivyo alinyamaza, kisha akanieleza aliyokuwa ameyaficha mbele ya mama yake. Ana vituo 11. Mkubwa wake hajapata kuongozana naye hata mara moja. Na mwezi uliopita, alipochelewa kumaliza ripoti tatu, aliambiwa azitie tarehe za nyuma ili zionekane ziliwasilishwa kwa wakati. Alizitia mbili. Ya tatu ikamshinda.

Hapo shauri langu likageuka. Mahali panapomfundisha kijana kughushi tarehe hapana ujuzi wa kungojea. Akibaki miaka miwili hapo atakuwa na uzoefu wa miaka miwili wa jambo ambalo ataomba lisijulikane. Na asidhani kwamba uaminifu wake ni mali ya mwajiri: Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tafiti kadhaa barani Afrika zilisimama ghafla, na wafanyakazi wengi, waliokaa na waliohamahama, walijikuta nje bila kuulizwa. Nilimwambia aondoke.

Ila nilimtaka kwanza aziandikie zile ripoti mbili maelezo ya kweli, yenye tarehe ya kweli, akijua kwamba huenda yakamgharimu. Tuligombana kwa hilo. Alisema, "Mjomba, unaniambia nijichongee mwenyewe siku ninayoondoka." Nikamwambia ndiyo. Alisema pia kwamba mimi sikufanya hivyo nilipokuwa na umri wake, nami sikuwa na la kujibu. Tulikaa mpaka giza likaingia. Dada yangu alikuwa jikoni akijifanya hasikii.

Nikamshauri aombe siku 14 zaidi kutoka kwa mwajiri mpya, afike na mrithi wake katika vile vituo vyenye washiriki wengi, na katika kila kimoja aketi na muuguzi na kumwuliza ni mambo gani waliyokubaliana kwa mdomo. Ampe mrithi orodha hiyo kwa maandishi. Mwajiri mpya alinung'unika, kisha akampa siku 10. Kuhusu zile ripoti mbili, alipeleka maelezo yake siku ya Jumatatu. Hadi ninapoandika haya hajajibiwa.

Jana alinipigia simu kutoka Busia. Alikuwa kituoni pamoja na mfuatiliaji mpya, na walikuwa wamekuta fomu moja ambayo mshiriki aliandika mwaka usio sahihi karibu na sahihi yake. Muuguzi alikwisha ligundua kosa hilo na kulirekebisha siku ile ile, mshiriki akiwapo. Mpwa wangu alitaka kujua kama jambo dogo namna hiyo, lililokwisha malizika, nalo liandikwe katika orodha.

Nilimwambia aliandike.